Nani Anaujua Mfumo Huu?

Mwenyekiti, wahadhiri wetu, waajiri mlioacha shughuli zenu kuja hapa, na nyinyi vijana mliojazana viti vya nyuma ilhali vya mbele viko wazi, hamjambo. Itifaki imezingatiwa. Nimepewa mada ya akili mnemba na kazi ya uhandisi wa programu, na nimepewa muda mfupi, kwa hiyo sitaanza kwa kueleza akili mnemba ni kitu gani. Mnaitumia. Kuna wanaoitumia sasa hivi ninapozungumza, nawaona.

Nina jambo moja tu. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba kazi yetu ni kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Tulisomea hilo, tukafanyiwa usaili kwa hilo, tukalipwa kwa hilo. Sasa imekuja mashine inayouandika kwa sekunde chache, na ghafla tumegundua kuwa ugumu wa kazi hii ulikuwa mahali pengine. Ulikuwa katika kuujua mfumo: unafanya nini, kwa nini unafanya hivyo, na utafanya nini siku mambo yakienda mrama. Zamani ujuzi huo ulikuja wenyewe, maana aliyeandika hakuwa na budi kufikiri. Mstari haukuandikika bila kufikiriwa. Leo unaandikika. Hapo ndipo kazi yetu ilipobadilika, na ndipo nitakapopang'ang'ania mpaka mwenyekiti aninyang'anye kipaza sauti.

Wasiwasi kwamba mashine itatunyang'anya kazi si mgeni. Mwaka 1952 nchini Marekani, Grace Hopper alitengeneza A-0, programu iliyochukua vipande vya maagizo na kuviunganisha kuwa lugha ya mashine. Hopper alisimulia baadaye kwamba watu hawakumwamini. Walimwambia kompyuta kazi yake ni hesabu tu. Mwaka 1957 IBM ikatoa Fortran, lugha ya kuandikia programu, kazi iliyoongozwa na John Backus, na mwanafizikia akaweza kuandika fomula karibu kama anavyoiandika kwenye daftari lake. Kila ilipokuja hatua kama hiyo palitokea watu wakasema waandishi wa programu wamekwisha. Hawakwisha. Waliongezeka, kwa sababu kilichokuwa ghali kiliposhuka bei kila mtu alikitaka.

Kwa hiyo wapo wanaosema tulieni, hii nayo ni hatua kama zile. Sikubaliani nao, au nakubaliana nusu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ukiipa maagizo yaleyale leo na kesho itakupa kitu kilekile. Ndiyo maana hakuna kati yetu anayefungua lugha ya mashine iliyotoka na kuisoma mstari kwa mstari. Tunaiamini, na imani hiyo imejengwa kwa miongo. Modeli ya lugha, yaani hii akili mnemba inayotuandikia, unaweza kuiuliza swali moja mara mbili ikakupa majibu mawili yanayopingana, yote kwa sauti ileile ya mtu asiye na shaka. Halafu lugha tunayoitumia kuiagiza, iwe Kiingereza au Kiswahili, imejaa mianya. Mwaka 1978 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Kiholanzi, aliandika kwamba ni upumbavu kutaka kuiagiza kompyuta kwa lugha ya kawaida, kwa kuwa ukali wa alama ndio unaotuzuia kusema mambo yasiyo na maana bila kujijua. Mashine za leo zimefika mbali kuliko alivyotarajia, nadhani. Ila hoja yake ya kusema mambo yasiyo na maana bila kujijua iko palepale, na mimi nakutana nayo kila wiki kazini.

Mwendo nao umekuwa wa kasi. Juni 2021 GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo, walitoa Copilot kwa majaribio: unaanza mstari, inakumalizia. Tarehe 30 Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na kabla mwezi haujaisha Stack Overflow, ule ukumbi tuliozoea kukimbilia tukikwama, walikuwa wameshapiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo, kwa sababu yalikuwa mengi, yanavutia kusoma, na mara nyingi si sahihi. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, alieleza namna ya kutengeneza programu ambapo mtu anajiachia tu, anakubali kila kinachotolewa bila kukisoma, na kikikataa anabandika ujumbe wa kosa na kusubiri. Aliiita vibe coding na jina likashika. Yeye mwenyewe alisema inafaa kwa miradi midogo ya wikendi, ya kutengeneza na kutupa. Sehemu hiyo ya maneno yake haikusafiri.

Mwaka huohuo wakaenea mawakala. Simaanishi wale wa kuweka na kutoa pesa. Nazungumzia programu unayoipa kazi, ikasoma mafaili yote ya mradi, ikabadilisha, ikaendesha majaribio, ikarekebisha makosa yake, kisha ikakuletea kazi iliyokamilika uikague. Hapo ndipo siku yangu ya kazi ilipogeuka. Zamani asubuhi yangu ilikuwa kuandika, mchana kutafuta kwa nini nilichoandika hakifanyi kazi. Siku hizi asubuhi naeleza ninachotaka, kisha nasoma. Nasoma mabadiliko ya mafaili kumi na mawili ambayo sikuyaandika, yametoka kabla chai haijapoa. Jioni nimechoka kwa uchovu mwingine kabisa. Mkono umepumzika, macho na kichwa viko hoi.

Niwape mfano wa hapa nyumbani. Chukua kazi ambayo kila mhandisi wa Kenya ameshaifanya au ataifanya: kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuingizia mifumo ya nje. Mteja anabonyeza lipa. Mfumo wako unatuma ombi. STK push, ule ujumbe wa kuomba nambari ya siri, inachomoza kwenye simu yake, anaweka nambari ya siri, na baada ya muda majibu yanatumwa kwenye anwani uliyoisajili. Ndani ya majibu kuna ResultCode. Ikiwa 0, pesa imeingia. Ikiwa 1, salio halikutosha. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Mliowahi kuifanya hata ile nambari ya majaribio, 174379, mnaikumbuka hadi leo. Naona vichwa vinatikisika.

Ukiiagiza akili mnemba ikuandikie kazi hii, itaandika, na itaandika vizuri. Majina ya vigeu yanaeleweka, maelezo yamewekwa kila penye haja, makosa yameshikwa, na kuna majaribio kumi ambayo yote yanapita. Ukiijaribu kwenye mazingira ya mazoezi, inakwenda kama maji.

Sasa ipeleke soko la Kongowea, Mombasa, siku ya Jumamosi. Mteja wa kwanza mtandao wake umekwama. Ameweka nambari ya siri, pesa imekatwa, lakini majibu hayajafika kwenye seva yako. Skrini yake bado inazunguka, kwa hiyo anabonyeza lipa tena. Utamtoza mara mbili? Mteja wa pili majibu yake yamefika mara mbili. Utamwandikia magunia mawili ya vitunguu kwa bei ya moja? Wa tatu laini yake inaanza na 011, na ule msimbo nadhifu unakubali nambari za 2547 pekee, yaani zile za 07, kwa sababu mifano mingi iliyozagaa mtandaoni iliandikwa hivyo. Anaambiwa nambari yake si sahihi, na anayoitumia kila siku ni hiyo. Wa nne si mteja. Ni mhuni aliyeigundua anwani yako ya kupokea majibu, akakutumia ujumbe wake mwenyewe wenye ResultCode 0 na kiasi cha kutosha. Mfumo wako utaulizia hali ya muamala kule unakotoka kabla ya kutoa mzigo, au utamwamini kwa sababu ujumbe umepangika?

Mashine ina majibu ya maswali yote manne, tusiionee. Ukiiuliza itahifadhi CheckoutRequestID, nambari ya kipekee ya kila ombi la malipo, itakataa kuhesabu muamala mara mbili, itapanua ukaguzi wa nambari za simu, itaandika njia ya kuulizia hali ya muamala uliochelewa. Itafanya hivyo haraka kuliko mimi. Ila ni lazima atokee mtu wa kuuliza. Na mtu huyo ni yule aliyewahi kusimama kati ya muuzaji na mteja, mmoja anasema "nimetuma", mwingine anasema "sijaona", foleni inakua, na wote wawili wanamtazama yeye. Ujuzi wa namna hiyo hauko kwenye nyaraka za Daraja. Uko sokoni.

Kuna jambo jingine hapo ambalo limenisumbua zaidi ya makosa yenyewe. Zamani nilikuwa na njia za mkato za kupima kazi ya mwenzangu. Nikiona majina ya ovyo, maelezo hayapo, vipande vimenakiliwa huku na kule, nilijua aliyeandika alikuwa na haraka au hakuelewa, nikasoma kwa uangalifu. Nikiona unadhifu, niliamini kuna mtu alikaa akafikiri. Sasa mimi ni kama mwalimu wa insha aliyeletewa rundo ambalo kila karatasi ina mwandiko mzuri uleule, wa mwanafunzi hodari na wa aliyekesha akicheza. Mwandiko haunisaidii tena. Unadhifu hauna gharama, kwa hiyo hauthibitishi chochote, na mkaguzi asiyebadilisha macho yake atapitisha makosa mengi kuliko alivyopitisha enzi za msimbo mchafu.

Kwa nini kuujua mfumo ni tofauti na kuwa na msimbo wake? Hili lilielezwa mwaka 1985 na Mdenmaki aliyeitwa Peter Naur, ambaye baadaye, mwaka 2005, alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Naur alisema kutengeneza programu ni kujenga nadharia. Maana yake, timu inapotengeneza mfumo, kitu cha thamani kinachojengeka ni uelewa ulio vichwani mwa watu hao: mambo ya ulimwengu yanavyolingana na sehemu za programu, kwa nini kila sehemu iko ilivyo, na badiliko jipya likija liingie wapi bila kubomoa. Msimbo na nyaraka ni mabaki ya uelewa huo, na haviwezi kuubeba wote. Akaenda mbali zaidi: timu yenye uelewa ikitawanyika, programu imekufa, hata kama bado inaendeshwa kwenye seva na bado inatoa majibu. Utajua imekufa siku utakapohitaji kuibadilisha.

Tumeziona programu za namna hiyo. Kila taasisi ina mfumo mmoja ambao hakuna anayethubutu kuugusa kwa sababu aliyeujua alihamia Dubai. Lakini hiyo angalau iliwahi kuwa hai. Kuna mtu aliyewahi kuuelewa. Kinachotokea sasa ni kipya, na Naur sidhani kama alikiwaza. Tunazalisha programu ambazo hazijawahi kuwa na nadharia kichwani mwa yeyote. Kijana ameagiza, wakala ametengeneza, majaribio yamepita, mkubwa ameidhinisha kwa sababu mabadiliko yalikuwa mistari elfu mbili na ilikuwa Ijumaa. Swali la nani anaujua mfumo huu halina jibu tangu siku ya kwanza.

Mtaniambia, si tutaiuliza mashine yenyewe itueleze? Tunaiuliza, na mara nyingi inasaidia sana. Mimi nikirithi mradi wa kigeni siku hizi jambo la kwanza ni kuiomba inichoree ramani yake, na ramani hiyo hunifupishia safari. Lakini inasoma msimbo. Sababu zilizobaki kwenye kikao, kwenye simu ya mteja aliyekasirika, kwenye barua ya mdhibiti, haizioni. Inachokueleza ni jinsi msimbo ulivyo, na sababu ikiwa haijaandikwa popote itakutungia iliyo ya kupendeza.

Nije kwenye swali la kasi, maana waajiri wamekaa hapa kwa ajili hiyo. Je, inatuongezea kasi? Kuna jaribio lililochapishwa 2023 na watafiti wa GitHub na Microsoft. Waliwapa waandishi wa programu 95 kazi ya kutengeneza seva ndogo kwa lugha ya programu ya JavaScript, wengine wakiwa na Copilot na wengine bila. Waliokuwa nayo walimaliza haraka zaidi kwa asilimia 55.8. Takwimu hiyo imebandikwa kwenye kila tangazo mnaloliona. Halafu Julai 2025 taasisi ya utafiti iitwayo METR ikachapisha jaribio jingine. Hawa waliwachukua wahandisi wazoefu 16, wakawapa kazi 246 za kweli kwenye miradi huria, yenye msimbo ulio wazi kwa wote, ambayo wahandisi hao walikuwa wakiihudumia kwa miaka. Kila kazi iligawiwa kwa bahati nasibu: hii tumia akili mnemba, ile usitumie. Kabla ya kuanza wahandisi walikadiria itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Baada ya kumaliza walisema imewapunguzia kwa asilimia 20. Saa ilionyesha imewaongezea muda kwa asilimia 19.

Rudieni hizo namba mbili za mwisho vichwani. Watu hawa si wanagenzi, na walikuwa wametoka tu kuifanya kazi, bado walihisi kinyume cha kilichotokea.

Zana za wakati huo zilikuwa za mwanzoni mwa 2025, na zimeendelea kuboreshwa. Sitashangaa jaribio la leo likitoa jibu jingine. Kwangu hilo si kubwa. Ninachokiona ni kwamba majaribio haya mawili hayapingani. La kwanza lilikuwa kazi mpya, ndogo, isiyo na historia, ambayo mfano wake umeandikwa mara maelfu mtandaoni. La pili lilikuwa mifumo mikubwa, mizee, ambayo mhandisi ana nadharia yake kichwani na mashine haina. Kuihamisha nadharia hiyo kwenye maelekezo, kusubiri, kusoma kilichorudi, kukirekebisha, kulichukua muda kuliko kukaa na kuandika. Kwa hiyo mwajiri akiniuliza kasi itaongezeka kwa kiasi gani, namuuliza: kazi gani, na nani anaijua?

Ujuzi wa mtu unavyobadilisha thamani ya zana unaonekana vizuri kwenye mradi wa curl. Curl ni programu huria ya kuhamisha data, imo kwenye simu zenu, runinga, magari, mabilioni ya vifaa. Inaongozwa na Msweden, Daniel Stenberg. Kwa muda mrefu mradi huo ulilipa zawadi kwa atakayegundua kasoro ya usalama. Akili mnemba ilipoenea, wakaanza kumiminiwa ripoti zenye maneno mazito, zenye hatua za kuzalisha kasoro, zinazotaja hata majina ya vipengele, na kasoro hazipo. Watu wachache wa kujitolea wanatumia saa zao kukanusha ndoto za mashine, kwa sababu kuandika ripoti ni dakika moja na kuithibitisha kuwa ya uongo ni nusu siku. Mwanzoni mwa 2026 Stenberg akasitisha zawadi hizo. Lakini ni huyohuyo Stenberg ambaye miezi michache kabla, mwaka 2025, alisifu hadharani orodha ndefu ya kasoro za kweli zilizogunduliwa na mtafiti aliyetumia zana za akili mnemba. Mtafiti huyo alijua anachokitafuta, na alichuja kabla ya kutuma.

Usalama ningeweza kuuzungumzia hadi jioni, niseme mawili niuache. Mashine hubuni majina ya vifurushi vya msimbo, yaani vipande vya tayari vya kupakua mtandaoni, visivyokuwepo. Utafiti mmoja uliopima modeli 16 kwa sampuli 576,000 za msimbo ulikuta karibu asilimia 20 ya vifurushi vilivyopendekezwa havipo duniani, na mhalifu anachotakiwa kufanya ni kusajili jina hilo la kubuni, kuweka msimbo wake humo, na kukusubiri uupakue. Pili, wakala usimpe funguo za hifadhidata ya wateja. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu mtandaoni, alivyofuta hifadhidata yake ya kazi wakati alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi. Msimtegemee mkuu wa kampuni kuwaomba radhi nyinyi.

Sasa waajiri, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Najua hesabu mnazopiga. Mhandisi mmoja mzoefu pamoja na malipo ya mwezi ya hizi zana ni nafuu kuliko yeye pamoja na wanagenzi watatu. Kwa mwaka huu hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mzoefu mnayemgombania leo alitoka wapi? Alipewa kazi ndogondogo zisizo na heshima, akakosea, akaitwa saa nane za usiku, akakaa na mfumo mpaka ukamkaa mwilini. Hizo kazi ndogondogo ndizo tumeipa mashine. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu viwanda na marubani kwamba ukiiachia mashine kazi rahisi, binadamu anabakiziwa zile ngumu, na wakati huohuo ananyimwa mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu. Mkitaka mtu wa kukagua kazi ya wakala mwaka 2035, mwajirini leo, na mpeni kazi ambayo mashine ingeifanya haraka kuliko yeye. Itawauma. Ni gharama ya mafunzo, kama zilivyo gharama nyingine za mafunzo.

Vijana wangu, nyinyi siwaambii msiitumie. Nikiwaambia mtaniitikia "ndiyo mwalimu" kisha mtaendelea, na mtakuwa sahihi. Ninachowaomba ni kubadilisha mfuatano. Programu imekataa? Kabla ya kubandika ujumbe wa kosa, andika kwenye karatasi, kwa mstari mmoja, unadhani shida iko wapi. Halafu uliza. Ukiwa umekosea utajua umekosea wapi, na hapo umejifunza kitu. Ukibandika moja kwa moja, shida imeondoka na wewe umebaki ulivyokuwa. Na mkishapewa jibu, lihojini: kwa nini hapa na si pale, kitatokea nini majibu yasipofika, nani mwingine anategemea sehemu hii. Zana hizi haziudhiki kwa maswali. Enzi zetu ukimuuliza mzoefu swali la tatu alikuwa anavaa vipokea sauti.

Tena tokeni nje. Msomaji wa msimbo asiyejua biashara ya mwenye mfumo ataona msimbo tu. Mwenye kampuni ya mabasi akikwambia basi linaondoka saa mbili asubuhi, wewe unajua ni saa ngapi. Mfumo uliojengwa na mtu asiyejua utamkatia abiria tiketi ya usiku wa manane, na majaribio yote yatapita.

Ofisini kwetu tumeweka utaratibu ambao mwanzoni ulileta manung'uniko. Anayewasilisha mabadiliko, yawe ameyaandika kwa mkono au ameagiza, anamweleza mwenzake yanafanya nini huku kompyuta imefungwa. Akishindwa, hayaingii. Haijalishi majaribio yamepita, haijalishi ni Ijumaa. Mabadiliko yakiwa makubwa mno kuelezeka, yanakatwa vipande. Tumepunguza kasi kidogo, sikatai, na mkurugenzi wetu analijua hilo. La pili ni daftari la sababu: faili moja ndani ya kila mradi linaloandikwa kwa nini tuliamua hivi na tulikataa nini. Miaka yote tuliwabembeleza wahandisi waandike nyaraka wakakataa, wakisema hakuna anayezisoma. Sasa yupo wa kuzisoma, kila siku, mstari kwa mstari, bila kulalamika, na ubora wa kazi yake unategemea tulichoandika humo. Ghafla watu wanaandika. Nilicheka sana.

Wahadhiri, ombi langu kwenu ni kuhusu miradi ya mwaka wa mwisho. Mwanafunzi anawaletea mfumo kamili wenye kurasa thelathini za maelezo, na hamna njia ya kujua ni wake. Acheni kuitafuta njia hiyo. Programu za kunusa kazi ya akili mnemba zinawaonea wasio na hatia. Mwiteni, mpeni badiliko dogo mbele yenu: kuanzia leo mteja anaruhusiwa kulipa kwa awamu. Aseme ni wapi kwenye mfumo wake patabadilika, na ni nini kitakachovunjika. Hana haja ya kuandika hata mstari. Baada ya robo saa mtakuwa mmeshajua alama za kumpa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niko tayari kwa maswali. Tuanzie nyuma.